Ni ya Kweli ao Umetunga?

Naongea na wewe uliyeweka redio juu ya meza ya biashara hapa mtaani Birere, katikati ya mafungu ya sambaza na mifuko ya makala. Leo sitasema juu ya bei ya unga wala juu ya foleni ya kizuizi kidogo cha mpaka wa Rwanda. Nina deni la swali, na aliyenidai ni mtoto wa miaka 11.

Jumamosi mchana huwa nakaa na watoto wa mtaa kwenye uwanja wa jirani yangu, chini ya bati, nikiwasimulia hadithi. Hakuna shirika nyuma yake, hakuna biskuti. Anayekuja anakuja. Siku hiyo niliwapa hadithi ya kijana wa miaka 14, mzaliwa wa kisiwa cha mbali, aliyekamatwa pamoja na baba yake na dada yake wakapakiwa katika mashua za mizigo. Nilikuwa nimechangamka, wasikilizaji. Nikatia mawimbi, nikatia wamama wanaolia, nikatia mvua. Mvua kubwa, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka watu hawasikilizani. Watoto walinyamaza kabisa. Nikajiona fundi.

Ndipo msichana mmoja, amepakata beseni tupu la mandazi aliyokwisha kuuza, akaniuliza: "Muzee, hiyo ni ya kweli ao umetunga?"

Nikamwambia ni ya kweli. Kijana huyo ana jina, alipona, alikua akazeeka. Akafikiri kidogo. "Na mvua?"

Nikasema tutaonana Jumamosi ijayo.

Kijana huyo ni Sami Modiano, Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, aliyezaliwa mwaka 1930. Mkiambiwa Rhodes hamkijui, lakini mkiambiwa Rodo, watu wa kanisa mtaitikia. Katika Matendo ya Mitume, Paulo akiwa safarini kwenda Yerusalemu anapita Kosi, na kesho yake Rodo. Sisi mstari huo tunaupita mbio, kana kwamba Paulo alipotweka tanga watu wa visiwa vile nao walizimwa kama taa. Sivyo. Hispania ilipowafukuza Wayahudi wake mwaka 1492, wengi walipata makao katika dola ya Waturuki, na Rodo ukawa mmoja wa miji yao. Waliishi pale wakizungumza Kihispania cha mababu zao, kinachoitwa Ladino, kwa zaidi ya miaka 400. Waturuki wakaondoka, mwaka 1912 wakaja Waitalia. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikatoa sheria za kuwabagua Wayahudi, watoto wakatolewa shuleni. Mwaka 1943 Wajerumani wakashika kisiwa. Julai 1944 wakawaita Wayahudi wote wa Rodo na Kosi, zaidi ya watu 1,700, wakawasafirisha kwa mashua mpaka bara la Ugiriki, kisha kwa treni mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz, nchini Poland, walikofika tarehe 16 Agosti. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwatoa zaidi ya watu 40 mikononi mwa Wajerumani kwa kudai kwamba ni raia wa nchi yake. Kati ya waliosafirishwa, walionusurika ni wapatao 150.

Sasa turudi kwenye mvua yangu. Kisiwa kile mwezi wa Julai ni jua tupu. Kule baharini watu walifungiwa zaidi ya wiki moja katika joto, na jambo ambalo walionusurika hulitaja kila wanaposimulia ni kiu. Kiu, wasikilizaji! Mimi, nikitaka kuwaliza watoto wa Birere, niliwamwagia maji watu waliokuwa wanakufa kwa kukosa maji. Nilidhani nimeongeza chumvi tu, kumbe nilikuwa nimewaondolea mateso yao wenyewe nikawapa ya kwangu. Hilo ndilo kosa ninalotaka tulizungumze leo, sababu ni kosa la kila mtu anayetunga hadithi juu ya mambo yaliyotukia.

Pengine unauliza, Wayahudi wanatuhusu nini sisi tuliokaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo? Majina yao mnayo ndani ya nyumba. Hapa Birere ukiita Moïse, wanageuka watu watano, na Esther wanageuka kumi. Jumapili tunaimba kutoka Misri. Lakini ukimwuliza mwimbaji Wayahudi walikuwa wapi baada ya Matendo ya Mitume, atakuambia wako kwenye televisheni. Katikati pamebaki shimo la miaka karibu 2,000, na shimo la namna hiyo halikai tupu. Mtu atakuja kutupa kitu ndani yake.

Halafu kuna jambo la pili, na hili liko nchini mwetu. Watu wa Rodo walikuja Kongo. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa kisiwa kile, wakikimbia umaskini, walipanda meli kuja kutafuta maisha Katanga, kule Elisabethville ambayo leo ni Lubumbashi. Walianza na maduka madogo: nguo, chumvi, sabuni, shanga. Ndugu akamwita ndugu, kama sisi tunavyofanya tukipata chumba Kampala. Kufikia mwaka 1930 sinagogi lao lilikuwa limesimama, na jengo hilo liko Lubumbashi mpaka leo. Mwaka 1937 akafika rabi kijana, Moïse Levy, mwanafunzi wa chuo cha marabi cha Rodo. Akakaa Kongo zaidi ya miaka 50. Mwingine aliyetoka Rodo, Nissim Soriano, alikwenda mbali na mji, akakaa Kashobwe karibu na ziwa Mweru, akafanya biashara ya samaki. Mtoto wake mmoja mnamjua hata msiopenda siasa: Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, rais wa TP Mazembe. Kila uchaguzi ukikaribia, habari za baba yake zinafufuliwa, sasa kwa namna hii, kesho kwa namna ile, na ni wachache wanaojua kisiwa kile kilipatwa na nini.

Sami Modiano mwenyewe, baada ya vita, hakuwa na mtu wa kurudia. Baba yake Jacob na dada yake Lucia waliangamia Birkenau, ndani ya Auschwitz. Naye akaja huku Kongo, bado kijana, akafanya kazi kwa miaka. Fikirini: katika nchi hii alitembea mtu mwenye namba ya Auschwitz kwenye mkono, akipima na kuuza kama wafanyabiashara wengine, na hakusema. Alinyamaza miongo mingi. Ilikuwa mwaka 2005, ana umri wa miaka 75, aliporudi Auschwitz pamoja na wanafunzi, na tangu hapo akawa mtu wa kusimulia, shule baada ya shule kule Italia. Kitabu chake kilitoka mwaka 2013.

Kunyamaza huko, Birere inakuelewa bila mkalimani. Ni wangapi hapa wana mama aliyeona Julai 1994, wakati watu wa Rwanda walipovuka kizuizi kwa malaki, kisha kipindupindu kikaja nyuma yao? Mwulize mama. Atakuambia: "Achana na hayo, lete maji."

Basi kwa watu wasiosema, na kwa wale ambao hawapo tena wa kusema, mtunzi anaitwa. Mtunzi mmoja wa namna hiyo, Stefanie Zweig, aliletwa Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto mdogo. Familia yake ya Kiyahudi ilikimbia Ujerumani. Baba yake, mwanasheria, akawa mtumishi wa shamba. Vita vilipoanza mwaka 1939 Waingereza waliwaweka wanaume wa namna yake kizuizini, kwa kuwa pasipoti zao zilikuwa za Kijerumani. Kwa Hitler ni Wayahudi, kwa Waingereza ni Wajerumani. Wakimbizi wa hapa wanaujua mchezo huo wa karatasi. Mwaka 1947 walirudi Ujerumani. Mwaka 1995 akatoa riwaya, Nirgendwo in Afrika, na Kiswahili kimetapakaa ndani yake kama majani ya chai kikombeni. Filamu iliyotengenezwa kutoka kitabu hicho ilipata Oscar mwaka 2003. Ninachokipenda kwake ni hiki: mtoto wa kwenye kitabu ni yeye, lakini hakumwita Stefanie. Alimwita Regina. Kwa jina hilo moja amemwambia msomaji, mimi nilikuwepo, lakini hapa ninatunga. Mpishi Mjaluo, moshi wa jikoni, lugha anayojifunza mtoto kabla ya wazazi wake, vyote vina harufu ya mahali halisi.

Kuna kitabu kingine, kinauzwa sana, The Boy in the Striped Pyjamas cha John Boyne, cha mwaka 2006. Mtoto wa mkuu wa kambi anafanya urafiki na mtoto Myahudi wa umri wa miaka tisa, wanaonana kila mara kwenye waya wa kambi. Watu wamelia sana. Mwaka 2020 Jumba la Makumbusho la Auschwitz likasema kitabu hicho kiepukwe na mtu yeyote anayesoma au kufundisha habari hizo. Sababu ni ileile ya mvua yangu. Watoto wa umri huo walipofika Auschwitz, wengi sana walipelekwa moja kwa moja kuuawa. Hawakubaki kukaa kwenye waya wakipiga gumzo alasiri nyingi. Mwandishi mwenyewe alisema wazi kuwa kitabu ni ngano. Nakubali. Lakini mwalimu akiingia nacho darasani kama somo la historia, ngano imevaa koti lisilo lake. Na tena angalieni tunamlilia nani mwishoni: mtoto wa mkuu wa kambi.

Sasa, ili nisiwe mtu wa kukosoa tu, nitawatungia kidogo. Nasema mapema: ninatunga.

Elisabethville, mwezi wa saba mwaka 1944. Kiangazi, asubuhi kuna baridi, vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Mama wa duka amefunga shali mabegani. Anapima chumvi kwa mzani, lakini vidole vya mkono wa kushoto vinahesabu kitu kingine. Mteja, mama mwenye mtoto mgongoni, anamwuliza kwa Kiswahili: "Madamu, unahesabu deni langu?" Anasema hapana, anahesabu maneno. Barua ya Msalaba Mwekundu inaruhusu maneno 25 tu, naye ana mama, dada wawili na shangazi kisiwani. Ukiweka majina yao manne, yamebaki 21. Ukisema sisi wazima, umetumia mawili. Anataka kuuliza kama mti wa limau uani umezaa. Je, limau ni neno la lazima? Mteja anaweka fungu la chumvi katika kitenge na kusema: "Weka limau. Wakisoma limau watajua ni wewe." Anaandika limau. Anakunja karatasi. Nje gari la mizigo linapita na kutimua vumbi, na vumbi linaingia dukani.

Nimeishia hapo. Sasa tupime. Mama wa duka, mteja na mti wa limau ni vyangu. Kiangazi cha Katanga mwezi wa saba, hicho si changu. Maneno 25 ya Msalaba Mwekundu ni ya kweli. Ndivyo zilivyokuwa barua hizo wakati wa vita. Ndugu walioachwa kisiwani ni kweli tupu, watu wa Elisabethville walikuwa nao. Na tarehe sikuigusa. Yeye anahesabu maneno wakati mashua ziko tayari kuondoka, nami sikumwambia, kwa kuwa angejuaje? Msikilizaji ndiye anajua. Kazi yote ya hadithi hiyo iko katika kule kutojua kwa mama wa duka, na ningeharibu kila kitu kama ningempa ndoto mbaya usiku ule ao ndege mweusi juu ya paa.

Wayahudi wenyewe wana utaalamu wa zamani katika mambo haya. Usiku wa Pasaka wanakaa mezani, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayefungua mazungumzo kwa kuuliza usiku huu una nini hata tunakula hivi. Wakubwa wanajibu kwa kusimulia walivyotoka Misri. Kitabu cha usiku huo kinataja watoto wa namna nne: mwenye akili, mkaidi, mnyofu, na yule asiyejua hata kuuliza. Huyo wa nne mzazi anaambiwa amwanzishie yeye mwenyewe, asingoje swali. Mimi nikiangalia uwanja wetu naona wa nne ni wengi. Hawajui kuuliza kwa nini nyumba ya jirani imejengwa juu ya tabaka la lava.

Na katika ghetto la Warsaw, walikofungiwa Wayahudi wakati wa vita, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kwa siri kila kitu: shajara, insha za watoto wa shule, tiketi za tramu, karatasi za peremende, hata mizaha ya mitaani. Wakavifukia ndani ya masanduku ya bati na madumu ya maziwa. Madumu, kama yale ya maziwa yanayoshuka kutoka Masisi. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Sehemu ya kwanza ilichimbuliwa mwaka 1946, ya pili mwaka 1950. Mtunzi anayetaka kuandika juu ya Warsaw leo hana haja ya kuwatungia mvua. Karatasi za peremende zipo.

Nilisema shimo halikai tupu. Mwaka 1903 huko Urusi kulichapishwa maandishi yaliyodai kuwa ni kumbukumbu za mkutano wa siri wa wazee wa Kiyahudi wakipanga kutawala dunia. Yanaitwa Protokoli za Wazee wa Sayuni. Mwaka 1921 gazeti la The Times la London likaonyesha kuwa kurasa nyingi zimeibwa kutoka kitabu cha Mfaransa Maurice Joly cha mwaka 1864, kitabu cha kumkejeli Napoleoni wa Tatu, ambacho hakikuwa na habari yoyote ya njama ya Wayahudi. Yaani aliyeghushi alibadilisha wasemaji tu. Uongo ulishikwa mchana kweupe, na bado Hitler aliutumia, na bado unasomwa.

Angalieni tofauti, maana hapa ndipo nilipokuwa nawapeleka. Mimi na mama wangu wa duka, na Stefanie na Regina wake, tumewaambia: tumetunga. Aliyeandika Protokoli hakusema ametunga. Alisema ameziokota.

Na sisi tuna yetu. Kuna karatasi inayodaiwa kuokotwa hapa Kivu ya Kaskazini mwaka 1962, eti ni mpango wa siri wa watu wa kabila moja kututawala wote. Novemba 1990 gazeti la Rwanda la Kangura liliichapa kama ushahidi. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa Gisenyi, hapa ng'ambo tu, unapita kizuizi umefika. Mwaka 2003 mahakama ya Arusha ilimhukumu pamoja na watu wa RTLM, redio iliyochochea mauaji ya Rwanda. Ninasema haya nikiwa mbele ya maikrofoni, na wanaonisikiliza wenye umri wangu wanajua kwa nini sauti yangu imepungua kidogo. Karatasi hiyo nimeiona tena kwenye simu, mwaka baada ya mwaka, imepigwa picha upya, imeongezwa muhuri. Anayeituma hajawahi kuniambia ametunga. Siku zote ameipata kwa mtu.

Jumamosi iliyofuata nilirudi uwanjani nikawaambia watoto: mvua nilitunga, na nilikosea, kule kulikuwa na kiu. Nikawasimulia upya bila mvua. Hawakulia mara hii. Mmoja aliinuka katikati ya hadithi akaenda kunywa maji kwenye bidoni ya jirani, akarudi akakaa, hakuna aliyemcheka.

Kisha nikawapa kazi ya kuandika nusu ukurasa juu ya Januari 17, 2002, siku lava iliposhuka ikapita katikati ya mji wetu. Hakuna kati yao aliyekuwa amezaliwa. Msichana wa mandazi akaniuliza kama anaruhusiwa kutunga kitu ambacho bibi yake alibeba kichwani wakati wa kukimbia, kwa sababu bibi amekufa, na mama kila akiulizwa anasema amesahau. Nikamwambia atunge, ila aweke alama pembeni. Akaandika kwamba bibi alibeba mashini ya kushona. Akachora nyota ndogo kando ya mstari.

Jioni ile mama yake alikuja kumchukua, akalichukua daftari, akasoma amesimama. Akafika kwenye nyota. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Hapana mashini," akasema. "Mashini gani? Ilikuwa mulango. Bibi yako aling'oa mulango wa nyumba, tukaubeba watu wawili mpaka Gisenyi."